Mwongozo kamili wa kupata usingizi mzuri bila dawa: anza na saa ya kuamka

Mtu anayesumbuliwa na usingizi ukimwuliza amejaribu nini, atakutajia mambo ya usiku. Kabadili mto. Kanunua pazia zito. Kapanda kitandani saa 3 ili auwahi usingizi, akaishia kukodolea dari hadi saa 7. Mbinu hizi zina kasoro moja: zinaanza pale ambapo mambo makubwa yameshaamuliwa. Usiku wako unapangwa tangu asubuhi, na saa ya kuamka ina uzito kuliko saa ya kulala kwa sababu ndiyo unayoweza kuitawala. Hakuna awezaye kujiamuru asinzie saa 4 kamili. Kuamka saa 12 kamili kunawezekana, hata kama ni kwa kununa.

Basi tutakwenda kinyume na mazoea: tutaanza asubuhi, tupite mchana, kitandani tufike mwisho. Lakini kwanza ni vizuri kujua usingizi wenyewe unaendaje, maana hatua nyingi zitaonekana za ajabu kwa asiyejua sababu yake.

Kinachokufanya usinzie

Mwaka 1982 mtafiti Alexander Borbély alitoa maelezo ambayo wataalamu wa usingizi bado wanayategemea. Alisema usingizi unaongozwa na mambo mawili yanayokwenda sambamba.

La kwanza ni uhitaji wa kulala. Tangu unapofumbua macho asubuhi, ubongo unatumia nishati, na katika matumizi hayo kemikali iitwayo adenosini inarundikana. Kadiri unavyokaa macho ndivyo inavyoongezeka, na ndivyo kope zinavyokuwa nzito. Ukilala inapungua, na asubuhi unaanza upya. Uhitaji huu unafanana sana na njaa: aliyekula vitafunio saa 12 jioni asishangae chakula cha usiku kikimshinda, na aliyejilaza kwenye kochi saa 12 jioni asishangae kitanda kikimkataa saa 4.

La pili ni saa ya mwili. Ndani ya ubongo, katika sehemu iitwayo haipothalamasi, kuna kifungu kidogo cha seli kinachopanga majira ya mwili mzima: lini joto lipande na lini lishuke, lini homoni zitoke, lini akili iwe kali na lini ipoe. Ikiachwa yenyewe, saa hii kwa watu wengi huzunguka kwa muda unaozidi masaa 24 kidogo, kwa hiyo kila siku inahitaji kusahihishwa. Msahihishaji wake mkuu ni mwanga unaoingia machoni. Giza likiingia, saa hiyo inairuhusu tezi ya pineali kutoa melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umefika. (Waliofumbua jinsi jeni zinavyoiendesha saa hii ndani ya seli, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Kazi yao kubwa waliifanya kwa inzi wadogo wa matunda, ambao nao wana saa zao.)

Usingizi mtamu huja mambo haya mawili yanapokutana: uhitaji umejaa, na saa ya mwili inasema ni usiku. Tazama yanavyoachana mwisho wa wiki. Mtu aliyezoea kuamka saa 12 asubuhi, Jumapili analala hadi saa 4. Usiku wa siku hiyohiyo anapanda kitandani saa 4 kama kawaida. Amekaa macho masaa 12 tu badala ya 16, hivyo adenosini haijamtosha. Mwanga wa asubuhi aliukosa, hivyo saa ya mwili nayo imechelewa. Anajigeuzageuza hadi usiku wa manane, kisha analaumu mawazo ya kazi ya Jumatatu. Kazi inaonewa bure. Kilichomponza ni yale masaa manne ya asubuhi.

Usiku mmoja una nini ndani yake

Usingizi hauendi kwa mstari mmoja toka jioni hadi asubuhi. Unazunguka. Kila mzunguko huchukua takriban dakika 90, na usiku mmoja una mizunguko minne hadi sita. Ndani ya mzunguko unapita usingizi mwepesi, unazama kwenye usingizi mzito, kisha unapanda kwenye usingizi wa ndoto, ule ambao macho huenda huku na huku chini ya kope. Usingizi huo wa ndoto ulielezwa kisayansi mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago.

Mizunguko hii haifanani. Usingizi mzito umejaa mwanzoni mwa usiku, wa ndoto umejaa kuelekea alfajiri. Kwa hiyo anayejikatia masaa mawili ya mwisho hapotezi robo ya kila aina; anapoteza sehemu kubwa ya usingizi wa ndoto. Na kati ya mzunguko na mzunguko ni kawaida kabisa kuzinduka kidogo, kugeuka, kuvuta shuka na kuendelea. Watu wengi huwa hata hawakumbuki. Anayeamka mara mbili usiku na kurudi kulala baada ya dakika chache hana ugonjwa.

Kuhusu kiasi: mtu mzima anahitaji masaa 7 au zaidi, wengi wakiangukia kati ya 7 na 9. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji 8 hadi 10, na saa yao ya mwili huchelewa kwa sababu za kimaumbile, kwa hiyo kijana asiyesinzia mapema si lazima awe mkaidi. Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji 9 hadi 12. Wazee hulala usingizi mwepesi zaidi na kuamka mapema, lakini uhitaji wao haupungui sana kama watu wanavyodhani. Masaa 7 hadi 8 bado ni yao.

Wapo wanaojisifu kwamba masaa 6 yanawatosha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na kina Hans Van Dongen uliwaweka watu kwenye masaa 6 ya kitandani kila usiku kwa wiki mbili. Umakini wao ulishuka siku hadi siku, hadi kufikia hali ya mtu aliyekesha. Cha kutisha ni kwamba wenyewe walijiona wamechoka kidogo tu. Mwenye deni la usingizi ndiye shahidi mbaya kuliko wote wa hali yake.

Kabla hujaanza: je, tatizo lako ni la kutibiwa kwa hatua hizi?

Mwongozo huu unamfaa anayechelewa kusinzia, anayeamka katikati ya usiku na kushindwa kurudi, au anayelala ovyoovyo kwa sababu ratiba imevurugika. Kuna wengine wanaopaswa kumwona daktari kwanza.

Anayekoroma kwa nguvu, kisha kukawa kimya, kisha akashtuka kama anayekabwa, huenda ana tatizo la pumzi kukatika usingizini. Mwenyewe hajui, anayejua ni anayelala naye chumba kimoja. Dalili za mchana ni kusinzia hovyo, kichwa kuuma asubuhi na shinikizo la damu lisiloshuka. Mtu huyu anaweza kulala masaa 9 akaamka amechoka, na hakuna ratiba itakayomsaidia mpaka njia ya hewa ishughulikiwe. Anayesikia miguu inamtambaa au inamlazimisha aichezeshe kila akitulia jioni, aombe apimwe kiwango cha madini ya chuma mwilini, kwani upungufu wake huchochea hali hiyo. Na mwenye huzuni isiyoisha, maumivu, au anayetumia dawa za kila siku, aulize kwanza. Dawa kadhaa huvuruga usingizi na mara nyingine kinachohitajika ni kubadili saa ya kuimeza tu.

Hatua ya 7 hapa chini isifanywe bila daktari na mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka kwa hisia, mjamzito, wala anayeendesha gari au mashine kama kazi yake. Punguzo la usingizi laweza kumletea madhara.

Hatua ya 1: Andika kwa wiki mbili

Chukua daftari. Kila asubuhi, baada ya kuamka, andika kwa kukadiria: ulipanda kitandani saa ngapi, ulisinzia baada ya muda gani, uliamka mara ngapi na kwa jumla ya dakika ngapi, uliamka moja kwa moja saa ngapi na ukatoka kitandani saa ngapi. Ongeza kahawa au chai ya mwisho ilikuwa saa ngapi, na kama ulisinzia mchana. Usitazame saa usiku ili kupata hesabu kamili. Kuangalia saa ni mwanzo wa kupiga hesabu ("nikisinzia sasa hivi nitapata masaa manne"), na hesabu hiyo inakuamsha zaidi. Igeuze saa ielekee ukutani.

Saa za mkononi zinazopima usingizi? Zinaweza kukupa picha ya jumla ya muda uliolala, lakini zinapokuambia ulipata dakika ngapi za usingizi mzito zinakisia. Nimeona watu walioamka wazima wakasononeka kwa sababu saa imewapa alama mbaya. Kama inakutia wasiwasi, ivue usiku.

Hatua ya 2: Chagua saa ya kuamka na uishike siku zote saba

Chagua saa unayoweza kuamka siku ya kazi na siku ya mapumziko. Kama kazi inakudai saa 12, basi ni saa 12 hata Jumapili. Ukishindwa kabisa, usizidishe saa moja. Kengele iweke mbali na kitanda ili usimame kuizima, na usiipe nafasi ya kulia tena baada ya dakika kumi; kile kiusingizi cha mang'amung'amu kinakuacha mzito kuliko ulivyoamka mara ya kwanza.

Saa hii inabaki palepale hata baada ya usiku mbaya. Hapa ndipo wengi huvunjika, kwa hiyo nirudie: ulilala masaa matatu tu, bado unaamka saa ileile. Siku hiyo itakuwa ngumu. Lakini uhitaji uliorundikana ndio utakaokusukuma usiku unaofuata, na ukiulipa kwa kulala hadi saa 4 asubuhi umeutupa.

Hatua ya 3: Toka nje uonane na mwanga

Ndani ya saa ya kwanza baada ya kuamka, kaa nje dakika 20 hadi 30. Tembea, fagia, kunywa chai ukiwa umesimama mlangoni. Mwanga hupimwa kwa laksi: chumba chenye taa ya kawaida kina laksi mia chache, wakati nje, hata mawingu yakiwa yametanda, ni maelfu. Jicho linadanganyika kwa sababu linajirekebisha, ndiyo maana chumba kinaonekana king'aavu. Saa ya mwili haidanganyiki. Usilitazame jua lenyewe. Inatosha kuwa nje.

Mwanga wa asubuhi huivuta saa ya mwili iwahi, wa usiku huichelewesha. Anayesinzia mapema mno jioni na kuamka saa 9 usiku, kama wazee wengi, anafaidika zaidi na mwanga wa alasiri na jioni.

Mazoezi ya mwili yanasaidia pia, saa yoyote inayokufaa. Yale ya kutoa jasho jingi yamalize angalau saa moja kabla ya kulala.

Hatua ya 4: Mchana usiuibe usiku

Kafeini haikupi nguvu. Inakalia viti vya adenosini kwenye ubongo ili usisikie uchovu, huku adenosini yenyewe ikiendelea kurundikana nyuma ya mlango. Nusu yake huchukua takriban masaa 5 kuondoka mwilini, ingawa watu hutofautiana sana. Kikombe cha kahawa cha saa 10 jioni, kufikia saa 3 usiku nusu yake bado imo, na saa 8 usiku robo ingali inazunguka. Wapo wanaosema "mimi kahawa hainizuii kulala", na ni kweli wanasinzia, ila usingizi mzito unapungua bila wao kujua. Weka kikomo cha saa 6 mchana kwa wiki mbili uone. Kumbuka kafeini imo pia kwenye chai ya rangi, vinywaji vya kuongeza nguvu, soda nyingi nyeusi na baadhi ya dawa za kichwa.

Pombe inastahili neno lake, kwa sababu ndiyo dawa ya usingizi inayotumika kimakosa kuliko zote. Inakulaza haraka, hilo halibishaniwi. Lakini mwanzoni mwa usiku inakandamiza usingizi wa ndoto, na ini linapomaliza kuisafisha, nusu ya pili ya usiku inakatikakatika: kiu, jasho, kwenda haja ndogo, ndoto kali. Inalegeza pia misuli ya koo, na anayekoroma hukoroma zaidi. Ukinywa, maliza masaa kadhaa kabla ya kulala. Nikotini ya sigara ni kichangamsho. Sigara ya kabla ya kulala haitulizi mwili kama mvutaji anavyojisikia.

Kulala mchana si haramu. Dakika 20, kabla ya saa 9 alasiri, zinatosha kukuchangamsha bila kuzama kwenye usingizi mzito, ambao ukikatishwa unakuacha umepumbaa. Ila kama tatizo lako ni kukosa usingizi usiku, acha kabisa kwa sasa. Isipokuwa uko karibu kushika usukani: hapo lala kwanza. Aliyekaa macho masaa 17 mfululizo huitikia mambo polepole kama mtu aliyekunywa.

Hatua ya 5: Saa ya mwisho kabla ya kitanda

Punguza taa saa moja hadi mbili kabla. Taa moja ya pembeni yenye mwanga wa manjano inatosha. Kuhusu simu, mwanga wake una lawama kiasi, lakini mimi naamini kinachowakesha watu zaidi ni kilichomo: habari mbaya, ubishi, ujumbe wa bosi, video inayofuatwa na nyingine. Kuipunguzia mwanga huku ukiendelea kugombana na watu hakutakusaidia kitu. Iache chumba kingine. Kama ndiyo kengele yako, nunua saa ya kengele.

Ili ulale, joto la ndani ya mwili lazima lishuke. Ndiyo maana kuoga maji ya moto saa moja hadi mbili kabla ya kulala kunasaidia: damu inakimbilia kwenye ngozi ya mikono na miguu, joto linatoka nje, ndani kunapoa. Mwenye miguu ya baridi avae soksi. Sababu ni ileile. Chakula kizito kimalizwe masaa mawili au matatu kabla, na maji yapungue jioni kama haja ndogo ndiyo inakuamsha.

Kisha kuna mawazo. Yanasubiri taa izimwe ndipo yaje yote kwa pamoja, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza siku nzima umekaa kimya. Yape nafasi mapema. Jioni, mbali na kitanda, keti na karatasi dakika 5 hadi 10. Andika yote yanayokusubiri kesho, na mbele ya kila moja hatua ndogo ya kwanza. Usiandike "deni", andika "kumpigia mwenye deni saa 4 asubuhi, kumwomba wiki moja". Utafiti wa Michael Scullin na wenzake, uliotoka mwaka 2018, ulikuta kwamba walioandika orodha ya mambo ya kufanya kwa dakika 5 walisinzia haraka zaidi ya walioandika mambo waliyokwisha kuyamaliza, tofauti ya takriban dakika 9. Na kadiri orodha ilivyokuwa na maelezo mahususi ndivyo walivyowahi.

Chumba chenyewe hakina mengi: giza, kimya, ubaridi. Wataalamu wengi hutaja nyuzi joto 16 hadi 19. Usipoweza kufika huko, feni, shuka jepesi na dirisha lililo wazi vinasaidia. Penye kelele, sauti tulivu isiyobadilika kama ya feni huzifunika.

Hatua ya 6: Kitanda kiwe cha kulala tu

Hapa tunafika kitandani. Mwaka 1972 mwanasaikolojia Richard Bootzin alieleza mbinu ambayo mpaka leo ni nguzo ya tiba ya kukosa usingizi. Msingi wake ni kwamba mwili hujifunza. Ukikaa kitandani ukifanya kazi, ukila, ukiwaza, ukijilaumu kwa kutolala, mwili unajifunza kwamba kitanda ni mahali pa kuwa macho. Ndiyo maana kuna watu wanaosinzia vizuri kwenye kochi, lakini wakiingia chumbani macho yanafunguka pyaa.

Kanuni zake ni chache. Usipande kitandani mpaka usinzie, yaani kichwa kinaanguka na unasoma mstari uleule mara tatu. Uchovu wa mwili peke yake hautoshi. Kitandani ni usingizi na tendo la ndoa, basi. Ukiona muda umepita, takriban dakika 20 kwa kukisia, na hujalala, ondoka. Nenda chumba kingine au kwenye kiti pembeni, taa iwe hafifu, fanya kitu kisicho na msisimko: kunja nguo, soma kitabu unachokijua. Usingizi ukikushika, rudi. Usiposinzia tena, toka tena. Usiku wa kwanza unaweza kutoka mara nne au tano, na utaichukia sana kanuni hii. Vumilia.

Ukiwa kitandani, legeza mwili kwa zamu. Kunja vidole vya miguu kwa nguvu sekunde 5, viachie, usikilize uzito unavyoshuka kwa sekunde 10 hadi 15. Halafu ndama, mapaja, tumbo, ngumi, mabega, na mwisho uso, paji na taya. Pumua pole, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Wengi hawafiki usoni. Ukifika, anza upya. Usijipime kama "inafanya kazi", maana juhudi ya kuutafuta usingizi ndiyo inayoufukuza. Kuna hata tiba inayomwagiza mgonjwa alale gizani, macho wazi, ajitahidi asisinzie. Wasiwasi wa kushindwa ukiondoka, kope hushuka zenyewe.

Hatua ya 7: Punguza muda wa kitandani

Kwa aliyefuata hayo wiki mbili au tatu bila nafuu, hii ndiyo silaha nzito. Iliwekwa wazi mwaka 1987 na Arthur Spielman na wenzake, nayo inaenda kinyume na silika yote ya mtu aliyechoka: kaa kitandani muda mfupi zaidi.

Fungua daftari lako. Tuseme kwa wastani unapanda kitandani saa 3 usiku na kutoka saa 12 asubuhi. Hayo ni masaa 9. Lakini ukijumlisha usingizi halisi unapata masaa 6. Gawanya 6 kwa 9: asilimia 67 tu ya muda wako wa kitandani ni usingizi, wakati mlalaji mzuri huwa na asilimia 85 au zaidi. Yale masaa 3 mengine unayatumia kujifunza kuwa macho kitandani.

Sasa jipe kitandani masaa 6 tu. Saa ya kuamka ni 12 asubuhi, kwa hiyo kitandani unapanda saa 6 usiku, hata kama unasinzia saa 4. Usishuke chini ya masaa 5 hata kama daftari linasema unalala 4. Siku za kwanza utakuwa hoi, kwa hiyo usianze wiki ya mtihani au ya safari ndefu, na usiendeshe ukiwa unasinzia. Baada ya wiki piga hesabu tena. Ukikuta unalala masaa 5 na nusu kati ya 6, hiyo ni zaidi ya asilimia 90: jiongezee dakika 15, upande saa 5 na dakika 45. Ikiwa kati ya asilimia 85 na 90, baki hapohapo wiki nyingine. Endelea kuongeza kidogokidogo hadi ufike mahali ambapo mchana uko sawa na usiku haukatiki. Hapo ndipo kipimo chako, hata kama ni masaa 7 na rafiki yako anahitaji 8 na nusu.

Wenye zamu, wasafiri na vidonge vya "asili"

Anayefanya kazi usiku hawezi kuifuata Hatua ya 3 kama ilivyo. Apate mwanga mkali nusu ya kwanza ya zamu, avae miwani ya jua akirudi nyumbani, chumba chake kiwe giza totoro, na siku za mapumziko asigeuze ratiba yote. Msafiri aliyekwenda nchi yenye saa tofauti akadirie siku moja kwa kila saa ya tofauti ndipo mwili utulie.

Melatonini ya kumeza hukisaidia zaidi kipindi cha usingizi kusogea, kama kwa msafiri, kuliko kumlaza mtu aliyekosa usingizi kwa wasiwasi. Mitishamba mingi ya usingizi ina ushahidi hafifu, na "ya asili" si sawa na "salama": baadhi hugongana na dawa nyingine. Mwenye kutumia vidonge vya hospitali asiviache ghafla, kwani usingizi hurudi kupotea vibaya zaidi. Vipunguzwe kwa mpango na aliyeviandika.

Utegemee nini

Wiki ya kwanza huwa mbaya kuliko ulikotoka. Wiki ya pili na ya tatu ndipo usingizi huanza kushikana, na tiba kamili ya aina hii kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 8. Mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa Marekani, American College of Physicians, kilipendekeza tiba ya kisaikolojia na ya mienendo, ambayo hatua hizi zimo ndani yake, iwe ya kwanza kwa watu wazima wenye ukosefu sugu wa usingizi, kabla ya vidonge. Sugu maana yake ni angalau usiku 3 kwa wiki kwa miezi 3.

Usiku mbaya utarudi: msiba, ugonjwa, mtoto mchanga, mwezi wenye madeni. Siku mbili tatu za namna hiyo hazihitaji tiba yoyote zaidi ya kutozifidia. Amka saa ileile, usijilaze jioni, usiwahi kitandani. Zikizidi wiki mbili, rudi kwenye daftari, na kama asilimia imeshuka chini ya 85, anza upya Hatua ya 7 kwa hesabu mpya.